Kiganja, Kidole na Risasi Inayokwenda Chini Kushoto

Assalaam alaikum. Na wale wa salamu nyingine, hamjambo? Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kulenga shabaha kwa bastola. Aliyeniomba amenionya nisipitishe nusu saa, kwa sababu pilau iko tayari na ikipoa lawama ni zangu. Basi mengi nitayaacha. Sitasema bastola ipi ni bora kuliko ipi, maana mazungumzo hayo hapa Mombasa huanza baada ya alasiri na kufika usiku wa manane bila mshindi. Habari za vyeti nazo zina wenyewe: Sheria ya Silaha ipo, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha ipo. Mlioko humu mna vyeti vyenu na mnajua masharti yake. Mimi nataka tuzungumze juu ya mahali risasi inapopotelea. Wengi wenu mnadhani inapotelea jichoni. Mnanijia mkisema, "Mwalimu, macho yangu yamechoka, nibadilishe miwani?" Badilisha ukitaka. Lakini karatasi zenu nazitazama kila wikendi, na naona matundu yamejikusanya chini kushoto, karatasi baada ya karatasi. Macho yaliyochoka hutawanya matundu huku na huku. Matundu yakienda upande mmoja kila siku, ujue kuna kitu kinayasukuma, na kitu hicho kiko mkononi.

Nianze na hesabu. Bastola ya kawaida ya milimita 9, aina mnayobeba wengi wenu, ikiwa imejaa risasi ina uzito wa karibu kilo moja. Sasa triga yake, kile kifyatulio kinachovutwa na kidole. Kuivuta mpaka ifyatuke kunataka nguvu ya kilo mbili na nusu hivi, na nyingine hufika tatu. Yaani kidole kimoja kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa chombo kizima mara mbili na ushei. Kama kiganja hakijakishika chombo barabara, kidole hicho hakivuti triga, kinavuta bastola yenyewe. Na kidole kiko upande mmoja wa bastola, hakiko katikati yake, kwa hiyo pua ya bastola hufuata upande.

Inafuata kiasi gani? Kati ya kilengeo cha nyuma na kile kinundu cha mbele pana kama sentimita 16. Kinundu hicho kikisogea milimita moja tu wakati wa kufyatua, na shabaha iko mita 10, risasi itapotoka kwa sentimita 6 na zaidi. Shabaha ikiwa mita 25, ni zaidi ya sentimita 15. Hiyo ni milimita moja. Mtu anayeishtua triga husogeza mbili au tatu bila hata kujua, kisha anakuja kuniuliza kama vilengeo vyake vimepinda.

Nadhani nyote mliiona ile picha ya Mturuki wa Olimpiki ya Paris, mwaka 2024. Yusuf Dikeç, mtu wa miaka 51, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, na akaondoka na medali ya fedha ya bastola ya hewa ya mita 10 pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Simu zetu zilijaa picha ile wiki nzima. Kila mtu akasema huyu ametoka kibarazani kwake, akapita akapiga, akarudi kunywa kahawa. Nilicheka, lakini maneno yale yana madhara, kwa sababu yanawafanya vijana wadhani ni kipaji tu. Mtu yule alikuwa na miaka mingi katika mchezo ule. Mkono mfukoni si mbwembwe: katika mita 10 hupigwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili usipotiwa mahali utayumba na kuuyumbisha mwili. Wengi hutia mfukoni au hukamata mshipi.

Lakini ninachotaka mkitazame ni bastola aliyoshika. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinataka triga ya bastola ya hewa isipungue gramu 500, na bastola isizidi gramu 1500. Wengi hutumia yenye uzito wa kama kilo moja. Basi pale triga ni nusu ya uzito wa chombo, na kwetu ni zaidi ya mara mbili. Kishikio chake ni cha mbao, kimechongwa kikakaa na kiganja cha mwenyewe, kila kidole na mfereji wake. Pamoja na hayo yote, bado watu hao hufanya mazoezi ya kidole kila siku, kwa sababu duara la kumi wanalolitafuta, lile la katikati lenye alama kumi, lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko sarafu yoyote iliyo mfukoni mwako. Ikiwa mwenye triga ya nusu kilo anahangaika na kidole, wewe mwenye triga ya kilo mbili na nusu unahangaika na miwani?

Kuna jingine ambalo watu hulisingizia, nalo ni teke. "Bastola hii inapiga teke, ndiyo maana nakosa." Tazameni. Risasi ya milimita 9 hutoka kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde, na mtutu wenyewe hauzidi sana sentimita 11. Tangu baruti iwake hadi risasi iuage mtutu, haipiti hata milisekunde moja. Shabaha ya mita 10 hutobolewa kabla hujamaliza kupepesa kope. Teke unalolihisi mkononi linakuja risasi imeshakwenda zake. Teke halina hatia. Mwenye hatia ni yule anayelingojea teke. Mwili unajua kishindo kinakuja, basi unakwenda kukipokea njiani: bega linasonga mbele, kifundo cha mkono kinainama, vidole vyote vinakaza, jicho linafumba. Hayo yote hutokea kabla triga haijafyatuka, na pua ya bastola imeshazama. Kwa mtu wa mkono wa kulia huzama chini na kushoto. Ndizo karatasi zenu zile.

Na jambo hili halijali ushujaa. Nimewaona askari waliokomaa wakilifanya, na nimemwona mama aliyeshika bastola kwa mara ya kwanza asilifanye hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba itapiga kelele.

Sasa kiganja. Nitasema kwa mtu wa kulia. Mashoto ageuze, maana dunia hii imeshamzoesha kugeuza.

Mkono mkuu ndio wa kwanza kukaa. Ile panda iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ipande juu kabisa nyuma ya kishikio, pasibaki nafasi hata ya kupitisha karatasi. Kwa nini juu? Kwa sababu teke linasukuma katika mstari wa mtutu. Kadiri mkono ulivyo chini ya mstari huo, ndivyo teke linavyopata wenzo wa kuinulia pua. Ukiukaribia mstari, bastola inarudi nyuma badala ya kuruka juu. Angalia tu ngozi isipande hadi njia ya slaidi, lile pande la juu la bastola linalorudi nyuma ikifyatuka, itakatwa. Hilo halihitaji somo, hujifunzwa mara moja. Mtutu na mfupa wa mkono, kuanzia kifundo hadi kiwiko, viwe mstari mmoja. Wenye viganja vidogo huwa wanaizungusha bastola ili kidole kiifikie triga, matokeo yake teke linaangukia kwenye kifundo cha dole gumba. Bastola nyingi za siku hizi zina mgongo wa kishikio unaobadilishwa, mdogo, wa kati na mkubwa, umo ndani ya sanduku iliyokuja nayo. Wengi wenu hamjawahi kuufungua mfuko ule. Ufungueni.

Mkono wa kushoto ndio unaodharauliwa. Watu huuweka chini ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kishikio, wakiufanya kikalio, mtindo wa sinema za zamani, na hapo haufanyi kazi yoyote. Ukishashika kwa mkono wa kulia, utaona upande wa kushoto wa kishikio pamebaki uwazi. Uwazi ule ni wa kiganja cha kushoto, ile sehemu nene iliyo chini ya dole gumba. Ijaze pale. Vidole vinne vya kushoto vizunguke juu ya vidole vitatu vya kulia, kidole cha shahada cha kushoto kikisukuma juu chini ya pete ya triga. Kifundo cha mkono wa kushoto kiinamie mbele kidogo, na madole gumba yote mawili yatazame mbele bila kuikandamiza slaidi. Ukimaliza, bastola imezungukwa na nyama pande zote, haina mlango wa kutokea.

Nguvu kiasi gani? Utasikia wakufunzi wakisema asilimia 60 mkono wa kushoto na 40 wa kulia. Mimi sijaona mkono wenye mizani. Lakini maana yao ni sahihi: mkono wa kushoto ubane zaidi, ili mkono wa kulia upate nafuu, na kidole cha triga kibaki huru. Mkono wa kulia unabana mbele kwenda nyuma, wa kushoto unabana kutoka ubavuni. Kupima kiasi, bana mpaka bastola itetemeke, kisha legeza kidogo mpaka itulie. Hapo ndipo pako. Kesho pengine patakuwa pengine, ukiwa umechoka au umefunga.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Vidole vya mkono vimezoea kufanya kazi pamoja. Tangu utotoni umevifunza kukunja vyote kwa pamoja. Ukikiambia kidole cha shahada peke yake "vuta", vile vitatu vya chini navyo huitika. Mtu anafikiri anavuta triga, kumbe mkono mzima unafunga kama anayekamua tui. Kidole cha mwisho kikikaza ghafla, kitako cha bastola kinakuja nyuma na pua inakwenda chini. Kuwaambia vidole vile visikaze hakufai, havisikii. Kinachofaa ni kuvikaza mapema. Vikiwa vimeshafika kwenye nguvu yao kabla hujagusa triga, havina pengine pa kwenda. Ndiyo maana nasema kushika kwanza, triga baadaye. Wengi hufanya vyote kwa pamoja, tena dakika ya mwisho.

Sasa kidole. Weka kwenye triga ile nyama ya pingili ya mwisho, si ncha kabisa, wala si kwenye kiungo. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na ni pa kuanzia pazuri. Lakini mikono haifanani. Kipimo cha kweli ni kimoja: kidole kikivuta, kilengeo cha mbele kinabaki mahali pake au kinasogea? Kikibaki, kidole chako kiko mahali pake hata kama hakifanani na picha. Angalia pia ubavu wa kidole usiiguse fremu ya bastola, maana utakuwa unaisukuma pembeni huku unavuta nyuma.

Triga ina safari. Kwanza mlegeo, unavutika bila upinzani. Kisha unafika mahali pagumu, ukutani. Kisha inafyatuka. Mwanzoni, fika ukutani, tulia kidogo, kisha ongeza nguvu polepole mpaka bastola yenyewe iamue kufyatuka. Usiitoroshe. Tatizo la binadamu ni kwamba kilengeo hakitulii. Kinaelea, hata mabingwa kwao kinaelea. Mpigaji mchanga anakiona kikipita katikati, moyo unamwambia "sasa!", na anaikwapua triga. Ile milimita mbili aliyoisogeza kwa kukwapua ni kubwa kuliko kuelea kote alikokuwa anakuogopa. Kiache kielee. Macho yaking'ang'anie kilengeo cha mbele, shabaha iwe na ukungu, kilengeo cha nyuma kiwe na ukungu, kwa sababu jicho haliwezi kuona vitu vitatu vya umbali tofauti kwa ukali mmoja. Kidole kiendelee kuvuta ndani ya kuelea kule kule.

Ikishafyatuka, usiiachilie triga. Ishike nyuma, vilengeo virudi, kisha iachie taratibu mpaka usikie "tik". Hapo imeshajifunga tena, na risasi ya pili inaanzia pale, bila kurudia safari yote. Anayeachilia kidole kikaruka mbele anaanza upya kila mara, na kila mara anakuja na kishindo.

Bwana yule pale nyuma anatikisa kichwa. Najua swali lake, ameniuliza hata renjini, kwenye uwanja wa shabaha. Kama ni polepole namna hii, mashindano je? Mwizi je? Bwana, kasi hutokana na mwendo ule ule ukifupishwa. Katika bastola ya mbio ya mita 25 ya Olimpiki, mpigaji anapewa shabaha 5, risasi moja kwa kila moja, kwa sekunde 8, halafu 6, halafu 4. Katika sekunde zile 4 anainua mkono, anapiga shabaha zote tano. Vidole vyao havikwapui. Vinavuta moja kwa moja hadi nyuma, haraka, bila kuigusa bastola. Na mchezo huo ndio aliouchukua Károly Takács wa Hungaria. Mtu huyu alikuwa mwanajeshi, mpigaji wa mkono wa kulia. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia, mkono ule wa kulia ukaharibika. Akajifunza kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa nchi yake. Vita vikafuta Olimpiki mbili. London, mwaka 1948, akiwa na miaka 38, alichukua dhahabu. Helsinki, mwaka 1952, akachukua tena. Mkono ambao haukuwahi kupiga ulifundishwa kutoka sifuri. Kwa hiyo mtu asiniambie amepiga vibaya miaka kumi na hawezi kubadilika.

Alijifunzaje, sijui siri zake. Ninajua njia ambayo wapigaji wa dunia nzima huitumia, na haina gharama: bastola tupu. Na hapa mniruhusu niwe mkali, hata kama wazee wananitazama vibaya. Mazoezi ya bastola tupu ndiyo yanayofanya mtu apige ukuta wa sebule yake. Toa magazini. Toa risasi iliyo chumbani mwa mtutu. Tazama kwa jicho, kisha ingiza kidole gizani uhakikishe. Risasi zote zipelekwe chumba kingine, mlango ufungwe. Kisha chagua upande ambao, ikitokea umejidanganya, risasi haitamdhuru mtu. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Wewe unayekaa ghorofani Tudor, ukuta wako na wa jirani ni tofali moja jembamba, na wewe mwenye nyumba ya mabati Kisauni hata usifikirie. Jeff Cooper, yule Mmarekani, aliacha kanuni nne ambazo renji nyingi duniani zimezibandika: kila bunduki ichukulie ina risasi, usielekeze mtutu kwa usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse triga mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha, na ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Bastola tupu haijatolewa nje ya kanuni hizo. Na zoezi likiisha, liishe. Ajali nyingi hutoka kwa yule anayerudisha magazini, kisha anasema "nijaribu mara moja ya mwisho".

Wenye bastola za .22 mtafute risasi bubu, zile za mazoezi zisizo na baruti wala kiwashio, kwa sababu katika nyingi za aina hiyo pini hugonga ukingo wa chumba ikiwa hakuna kitu ndani, na huharibika.

Zoezi lenyewe ni fupi. Weka sarafu ya shilingi juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele. Shika kama nilivyosema. Vuta. Sarafu isianguke. Ikianguka, umejua bila kununua hata risasi moja. Dakika chache kila usiku, baada ya isha, watoto wakiwa wamelala na televisheni imezimwa. Bei ya risasi mnaijua, na mazoezi haya hayatumii hata moja.

Na renjini liko zoezi jingine ambalo wanaume hawalipendi. Mwenzako anakujazia magazini, anachanganya risasi za kweli na risasi bubu, wewe hujui iko wapi. Unapiga, unapiga, kisha unafika kwenye ile bubu. Bastola haikulia, lakini pua imezama chini na wewe umefumba macho, mbele za watu. Hapo hakuna wa kubisha. Mimi nalipenda kuliko ile michoro ya duara inayosambazwa, ile inayosema ukipiga hapa kosa lako ni hili. Michoro ile ilikuwa ya wapigaji wa mkono mmoja, na mikono miwili ina mambo yake. Risasi bubu haikisii.

Neno juu ya hali yetu ya pwani. Wakufunzi wa nchi za baridi hawalitaji, kwa kuwa halijawapata. Hapa kiganja kinalia jasho saa mbili za asubuhi, na kaskazi ikivuma mwezi wa pili hata kivuli hakisaidii. Kishikio kikilowa, bastola inajigeuza mkononi baada ya risasi ya tatu, na wewe unairekebisha kati ya risasi na risasi. Kila ukirekebisha, umeshika bastola mpya. Beba kitambaa cha pamba. Wenye viganja vya maji zaidi, upo unga ule wa wainua vyuma, wapake kidogo. Na jamani, mafuta ya nazi ni sunna ya bibi zetu, lakini siku ya renji msiyapake mikononi kabla ya kutoka. Hina haina neno. Ukirudi nyumbani, ifute bastola chumvi ya bahari siku ile ile, hata kama hukupiga, maana hewa ya hapa inakula chuma. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu cha kula. Risasi zina madini ya risasi, yale Waingereza wanayoyaita "lead", hayo ndiyo yanayobaki kwenye vidole, na nimewaona watu wakitoka mstarini moja kwa moja kwenye viazi karai.

Kahawa chungu nayo. Sikatazi, nani atathubutu kuikataza Mombasa? Lakini mtu anayetetemeka vidole avuke kibaraza asubuhi ile, anywe baada. Na wenye presha wanaotaka kushindana rasmi wamuulize daktari majina ya dawa zao, kwa sababu dawa za kundi la beta-bloka hupunguza mtetemo na zimepigwa marufuku katika mchezo huu. Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za Olimpiki ya Beijing 2008 kwa propranolol. Dawa ya kawaida ya moyo. Usiache dawa yako kwa ajili ya shabaha, lakini usiingie mashindanoni bila kusema.

La mwisho ni kwa akina mama, au tuseme kwa waume zao, kwa sababu wao ndio wanaofanya kosa hili dukani. Mwanamume anamnunulia mkewe bastola ndogo kuliko zote, "ya kike", apate kuishika. Bastola ndogo ndiyo ngumu. Kishikio chake hakiwezi kubeba vidole vyote, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Ni nyepesi, kwa hiyo teke lote linaishia mkononi, na triga ya zile bastola za silinda za mtutu mfupi mara nyingi ni nzito zaidi. Vilengeo vyake vimekaribiana. Vikiwa sentimita 10 badala ya 16, ile milimita moja tuliyoitaja inakuwa sentimita 10 kwenye shabaha ya mita 10. Halafu mama akikosa, anaambiwa wanawake hawawezi. Mpeni bastola ya ukubwa wa kawaida, mgongo mdogo wa kishikio, na triga isiyo nzito, kisha mje mtazame karatasi yake na yenu.

Kesho tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijapanda. Mtakaa wawili wawili, na kila mtu ajaziwe magazini na mwenzake, si yeye mwenyewe. Risasi bubu ninazo za kutosha. Wa kwanza kwenye mstari ni bwana wa pale nyuma na bi mkubwa huyu wa mbele, ambaye ameinua mkono tangu niliposema mambo ya miwani. Mama, swali lako.